Waya Nilioupitisha kwenye Vichanja vya Zipora

Rumonge,
Jumapili, tarehe 7 Mei 2023

Mpendwa dada yangu Ernestina,

Amahoro, dada. Pokea salamu kutoka huku ziwani, zangu na za wifi yako Elda. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Na magoti? Shemeji Lameki bado anakohoa mara tatu nje ya mlango ili watu wajue baba mwenye nyumba amefika? Namuombea afya, na kikohozi kile asikipoteze, maana bila hicho hamtajua yuko wapi.

Sisi huku tunapumua. Elda ni mzima. Mimi tumbo linatangulia, miguu inafuata, na nywele zilizobaki ziko kandokando tu kama majani ya uwanja wa mpira. Shuleni tunaendelea. Ziwa nalo limepanda tena mwaka huu, limemeza ule mchanga wote tuliotembea mimi na wewe ulipokuja. Pale ulipokaa ukala mgebuka wa kuchoma, leo mtumbwi unapita.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Kwanza, simu yako unaiweka sauti ya nje, na nusu ya soko la Makere inasikiliza habari zangu kabla yako. Lakini hiyo ni sababu ya kujifichia. Sababu yenyewe ni kwamba jambo hili nikilisema kwa simu nitalipunguza. Nitacheka katikati, nitakuuliza habari za mahindi, na tutaagana sijasema.

Basi nalisema hapa juu, kabla mkono haujalegea. Mwezi wa tatu nilikupigia nikakuambia kwamba jirani yetu Zipora amepigwa na umeme uani kwetu, na kwamba aliyefunga waya vibaya ni fundi Josias, mtoto wa rafiki yako wa kambini, mama Anastasie. Si kweli. Waya ule niliufunga mimi. Josias alikuwa amenikataza, na siku nilipoufunga hakuwepo hata Rumonge.

Mistari hiyo nimeiandika mara nne. Mara tatu karatasi iliishia jikoni, Elda akawashia moto. Sasa vumilia nikueleze ilivyokuwa, usije ukadhani kuna kipande nimekiruka.

Kile kibanda cha nyuma unakikumbuka. Wewe mwenyewe ulikiita banda la mbuzi wasiokuwepo. Tulikuwa tunaweka humo madumu ya mawese, majembe na baiskeli iliyokufa. Mwaka jana nikaamua kukigeuza kiwe mahali pa useremala. Hapa wanaita atelye, sisi tuliokulia upande wenu tunasema karakana. Kwa jina lolote lile, ndani yake kulikuwa na panya. Useremala nilijifunza kambini, unajua, na kile kigoda changu cha kwanza ndicho kilichomwangusha shemeji Lameki mbele ya wageni. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Basi nikasema, kabla sijastaafu ualimu, nitatengeneza kiti kimoja kinachosimama.

Nilikifanya vizuri, dada, siwezi kujidharau kwa kila kitu. Sakafu niliinyanyua kwa saruji ili maji ya ziwa yasiniite kila masika. Mabati mapya, dirisha kubwa, meza nzito ya mkaratusi. Kilichobaki kilikuwa umeme, kwa sababu nilikuwa nimepata randa ya umeme na mashine ya kutoboa mbao, vyote vya mkono wa pili, na vyote vilikuwa vinanitazama bila kazi.

Namba ya Josias nilipewa na wewe, ukaipata kwa mama yake. Alikuja. Ni kijana wa watu, miaka thelathini hivi, mpole, kile kipima umeme chake kinakaa mfukoni kama kalamu ya katekista. Ndani ya kibanda aliweka kila kitu kwa unadhifu: swichi, balbu, soketi tatu, kisanduku cha kukata umeme kukitokea hatari. Kazi iliyobaki ilikuwa kuleta umeme wenyewe kutoka nyumbani, hatua kama ishirini na tano. Akasema zinahitajika nguzo mbili ndefu na waya mnene, upite juu ya vichwa vya watu. Yeye alikuwa na kazi ya kumalizia kule Magara, na nguzo angezikata hukohuko.

"Mwalimu, usiguse kitu," aliniambia. "Nitarudia lundi, tutasimamisha miti, njo tutaunga."

Jumatatu, yaani, ndipo tuunge waya. Ilikuwa Jumatano. Mimi nikamwambia kwamba somo la umeme nimelifundisha darasa la sita miaka kumi na moja.

Akatabasamu. "Lakini hii umeme haikukaa mu darasa yako."

Lile tabasamu lilinichoma. Na kulikuwa na jambo lingine: nilikuwa nimeshamwalika mchungaji na wazee wenzangu wa kanisa waje Jumamosi mchana kuiombea atelye. Nilitaka waingie, wakae, halafu mimi nibonyeze swichi na balbu iwake juu ya vichwa vyao. Hilo tu. Kwa ajili ya kubonyeza swichi mbele ya wazee saba. Elda aliponiuliza kwa nini nisingoje Jumatatu nikamwambia kwamba nimewasha balbu ubaoni mara nyingi kuliko Josias alivyokula ugali.

"Ubaoni ni chaki," akasema Elda. "Chaki haijaua mtu."

Sasa nikueleze kuhusu vichanja, maana hapo ndipo ujinga wangu ulipokaa. Zipora, kama unavyomjua, ni mjane, na anaishi kwa kukausha ndagala. Mitumbwi ikifika asubuhi ananunua, anaanika, wafanyabiashara wa Bujumbura wanakuja kuchukua. Zamani alianika ufukweni. Maji yalipomeza ufukwe alikuja kutuomba uwanja wetu, nasi tukampa kwa moyo mweupe. Akajenga vichanja vyake: nguzo za mti, na juu yake wavu wa chuma umekazwa kama kitanda, urefu wa kufika kifuani. Vilianza karibu na jiko letu vikaenda mstari mmoja mpaka karibu na mlango wa kibanda changu.

Ijumaa baada ya shule nilisimama uani nikavitazama. Nikahesabu nguzo kumi na mbili, zimesimama tayari, zimenyooka kuelekea pale pale ninapotaka. Na Josias anataka tungoje nguzo mbili za Magara! Nilijiona nina akili kupita kiasi. Nikatoa waya wa zamani niliokuwa nao, nikaupitisha nguzo hadi nguzo, nikaufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ulipolegea nikapiga msumari na kuukunja juu ya waya ili uukamate. Nikaunganisha kwenye nyumba, nikaunganisha kwenye kibanda.

Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatano, mtaa mzima. Nilibonyeza swichi, kimya. Kwa hiyo sikujaribu kitu, sikupima kitu. Nikaacha vile vile, nikaenda kula.

Jumamosi asubuhi ndagala zilikuwa nyingi. Zipora alikuja na ndoo zake, miguu peku, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Akauona waya.

"Yoo, Mwalimu! Leo unaanika na nyoka?"

"Huyo hana meno," nikamjibu. "Umeme hakuna."

Akacheka, akaanza kutandaza samaki wake. Dada, hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Aliyaamini kwa sababu mimi ni mwalimu.

Saa tatu na kitu nilikuwa ndani ya kibanda nafagia taka za mbao. Balbu ikawaka juu yangu. Unajua kelele za mtaa umeme unaporudi baada ya siku tatu: watoto wanashangilia, redio zinaanza zote kwa pamoja, mashine ya kusaga ya Hassani inanguruma. Na mimi nikapiga makofi. Nilipiga makofi peke yangu ndani ya kibanda kama mtu aliyeumba mwanga. Sauti ya Zipora ilikuwa ndani ya zile kelele, nikadhani naye anashangilia.

Niliyemwona ni Elda. Alipita mbele ya mlango wangu anakimbia, hakuniita, akaenda moja kwa moja kwenye mita akakata. Nilipotoka nje Zipora alikuwa chini, ndagala zimemwagika juu yake, na mkono wake wa kulia umebaki umekunjika kama bado unashika wavu. Msumari wangu ulikuwa umetoboa ngozi ya waya na kugusa wavu, na wavu wote, kutoka jikoni hadi kibandani, ulikuwa umeme mtupu.

Hakufa. Nashukuru Mungu kila siku, na kila siku naona haya kumshukuru. Alilazwa siku sita. Kiganja kiliungua, na mpaka leo vidole viwili havikunji. Ndagala anatandaza kwa mkono wa kushoto.

Lakini hili nililokwambia ni la ujinga, na ujinga unasameheka. Linalofuata ndilo lililonifanya nishindwe kukuandikia.

Kabla hata hawajampandisha Zipora kwenye gari uwanja ulikuwa umejaa watu. Revokatus, mkubwa wa mtaa wetu, akauliza, "Nani alifunga umeme hapa?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Si ule Mukongomani wake?"

Wote wakanitazama mimi. Nikasema, "Fundi ni Josias."

Maneno matatu. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza mengine, watu walikuwa wananingoja. Sikuongeza. Nilimwona Elda amesimama na ufunguo wa kisanduku cha mita mkononi, ananitazama, nikainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni nyingi. Jioni ile nikakupigia wewe, na kwako sikuishia maneno matatu. Kwako nilieleza vizuri, nikaweka na huruma juu yake, kwamba vijana wa siku hizi wana haraka.

Jumatatu Josias akaja kama alivyoahidi. Alikuja kutoka Magara na nguzo mbili za mkaratusi zimefungwa kwenye baiskeli, anaisukuma. Hakuwa na habari yoyote. Watu walimzuia pale barabarani, wakamvua mfuko wa vifaa, wakamwita muuaji, wengine wakamwambia arudi kwao Fizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Akaniona juu ya mabega yao.

"Mwalimu, waambie!"

Nikamjibu, "Tutaongea baadaye."

Hakuna neno nililowahi kusema katika maisha yangu, dada, ninalolionea aibu kama hilo. Hata sikusema kwa ukali. Nililisema kwa upole, kwa ile sauti yangu ya kikao cha wazazi. Josias alizilaza zile nguzo chini karibu na ua wetu, akageuza baiskeli. Ziko pale pale.

Baada ya hapo alifungiwa milango. Duka la dawa alilokuwa analiwekea nyaya likamwambia asirudi. Hassani akamtoa kwenye mashine. Kanisa likatafuta fundi mwingine. Akaondoka. Mimi nikawa nampelekea Zipora sukari kila Jumapili, na watu wakanisifu kwa moyo wangu mwema. Nilizisikiliza zile sifa mpaka mwisho, sikumkatiza mtu.

Halafu ukanipigia wewe, siku chache baada ya Pasaka. Ulikuwa na furaha ya kunipa habari. Ukaniambia kwamba mama Anastasie alitoka kambini kwa miguu, akaja kwako na kuku, akapiga magoti mlangoni, akaomba ukoo wetu umsamehe kwa alichofanya mwanawe. Ukasema mlimwinua, mkamwombea, na kwamba yeye mwenyewe amemkataza Josias kumpigia simu mpaka akamwombe Zipora msamaha.

Nilikaa chini na simu sikioni. Wewe uliendelea kuzungumza juu ya mahindi. Mama mtu mzima, aliyekimbia vita na watoto mgongoni, amepiga magoti kwa ajili ya msumari wangu.

Siku ile nilimwambia Elda kila kitu. Nilizunguka sana kabla ya kufika, nikaanzia kwenye hali ya waya wa zamani. Aliendelea kuchambua maharage.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Mimi nilikuona ukifunga. Nilikuwa nangoja uchoke."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya watu.

"Nimeolewa na wewe, sikuolewa kuwa mdomo wako. Lakini ungefika Pentekoste hujasema, ningesema mimi." Akanipa sinia. "Na leo huli kabla hujaenda kwa Zipora."

Nilikwenda. Zipora alinisikiliza huku ameushika ule mkono mbaya kwa ule mzima. Nilitegemea anifukuze. Hakunifukuza. Akaniuliza swali.

"Mwalimu, mimi nilimulaani mutoto wa watu mu maombi. Wiki nne, kila siku, jina yake: Mungu, umukaushe mikono kama yangu. Sasa ile maombi naitosha kwa Mungu, nairudisha namna gani?"

Nikautazama ule mkono.

"Na sukari yako," akasema, "ulikuwa unaletea mimi, ao ulikuwa unajiletea wewe?"

Nikasema nilikuwa najiletea mimi. Akatikisa kichwa. "Ehe. Leo njo umesema kitu. Basi uende umutafute."

Nilimpata Josias kule Gitaza, anapakia mchanga kwenye lori kwa sepetu. Fundi mwenye mkono kama ule, anapakia mchanga. Aliniona, akaendelea mpaka lori likajaa, nami nikangoja juani na mkoba wangu wa shule, nimevaa na tai, sijui kwa nini nilivaa tai. Nilipomaliza kusema alijipangusa uso kwa shati.

"Ile bongo, ile uongo yako, ulisema mu dakika moja," akaniambia. "Kuiondoa itakuomba siku ngapi?"

Nikamwambia nitamsaidia kwa chochote atakachotaka, hata nikiuza randa ya umeme.

"Sitaki kitu yako. Watu walinifungia milango. Utaenda kubisha ile milango, moja moja, wewe peke yako. Usiseme tulikosana. Usiseme ilikuwa bahati mbaya. Sema ni wewe." Akahesabu kwa vidole: Revokatus, Hassani, duka la dawa, kanisa. Kidole cha tano akakishika, sauti ikapungua. "Na mama. Simu yangu hapokei. Aliniambia niombe kwanza ule mwanamuke musamaha. Nimuombe musamaha ya nini, Mwalimu?"

Akachukua sepetu. Lori lingine lilikuwa limefika.

Basi nimekuwa nikibisha milango. Nilidhani ukishasema mara ya kwanza inakuwa rahisi. Haiwi. Kwa Hassani nilichagua saa ambayo mashine inanguruma, nikamwambia karibu na sikio. Akazima mashine. Wanawake kama kumi na tano walikuwa kwenye foleni na mihogo yao.

"Rudia, Mwalimu, sikusikia."

Nikarudia. Akauliza, "Na kwa hao mama wa nyuma kule?" Nikarudia tena kwa sauti ya darasani. Mama mmoja akasema yoo, mwingine akasema kumbe, na mmoja ambaye mwanawe nilimpa sifuri mwaka jana hakusema kitu, lakini alikuwa na furaha kubwa. Hassani akawasha mashine. Yeye peke yake ndiye aliyenipa mkono wakati naondoka.

Duka la dawa walinisikiliza kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko Hassani. Kanisani nilisimama mbele. Nimevuliwa uzee wa kanisa mpaka mwaka uishe, sasa nakaa benchi la nyuma kabisa. Kumbe wazee wote wanasinzia, dada. Miaka ile yote nilidhani ni mimi peke yangu.

Revokatus aliita bashingantahe, wazee wa mtaa wanaoamua mambo. Waliniweka katikati, wakaniuliza maswali kama mtoto aliyeiba miwa. Kisha wakaamua kama desturi ilivyo: nilete kinywaji, tunywe pamoja na Zipora na Josias mbele ya watu ili jambo liishe. Kwa kuwa wengi wetu ni walokole nikaleta Fanta. Zipora alikuja, akanywa, akanipa mkono wake wa kushoto. Josias hakuja. Chupa yake walishaifungua na kuiweka mbele ya kiti chake, na hakuna aliyeigusa mpaka gesi ikaisha. Revokatus akasema jambo la Zipora limekwisha, la Josias halijaisha. Mfuko wa vifaa aliupeleka Gitaza yeye mwenyewe. Duka la dawa limemwita arudi. Anasema atafikiri.

Atelye ipo, kama utauliza. Waya niliung'oa, balbu haiwaki, na sitagusa hata soketi. Natumia randa ya mkono mchana, dirisha liko wazi. Kazi ya kwanza niliyoifanya humo ni vichanja vipya vya Zipora, vya mbao na matete, havina hata kipande cha chuma. Alivipima kwa kuviegemea kwa uzito wake wote, akasema kimoja kinacheza. Kweli kilikuwa kinacheza. Nimekirekebisha.

Milango minne nimekwisha kuibisha. Umebaki wa tano, na uko kwako, maana uongo huu uliingia kwa mama Anastasie kupitia mdomo wangu na sikio lako. Wewe huna kosa. Uliniamini kwa sababu mimi ni mdogo wako, na nimekufanya umpokee magotini mwanamke asiyekuwa na deni kwetu. Nisamehe, dada. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini uende kwanza.

Riziki, mama anayebeba barua hii, anavuka mpaka pale Mugina kila wiki mbili kwa biashara zake. Amebeba pia mfuko wa ndagala. Huo si wako, usiufungue. Zipora ameutuma kwa mama Anastasie, na anasema umwambie kwamba kila Ijumaa anafunga na kuyarudisha yale maombi yake, moja moja. Na yule kuku najua mlishamla, usinibishie, namjua shemeji. Mpelekeni wawili, mmoja wa kwenu na mmoja wa kwangu. Usitume mtoto. Nenda mwenyewe, na Lameki aende, na ikiwa magoti yako yanakuruhusu, fanya kama yeye alivyofanya.

Halafu umsomee haya. Soma polepole, na simu iwe karibu yake.

Mama Anastasie, naitwa Nestori. Mwanao Josias alifanya kazi yake vizuri na akanikataza nisiguse. Niligusa. Jirani yangu aliumia kwa mkono wangu, na watu walipouliza nilimtaja mwanao. Aliniomba niwaambie ukweli, nami nikamwambia baadaye. Hana cha kuombea msamaha kwa Zipora, wala kwa ukoo wetu, wala kwako. Ulipiga magoti kwa kosa langu. Siwezi kukurudishia hatua ulizotembea. Naomba umpigie mwanao leo. Hajui kama barua hii imefika, na sijamwambia siku, kwa hiyo ukipiga itakuwa ni wewe tu umempigia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, dada. Msalimie shemeji Lameki, na Chanceline wako, mwambie mjomba anaulizia matokeo yake ya shule, ingawa siku hizi mjomba hana haki ya kuuliza matokeo ya mtu. Msalimie na mchungaji wenu, na kila aliyeisikia habari ile kwenye simu yako yenye sauti ya nje. Hao wote waambie pia. Elda anakusalimu, amesoma barua hii kabla yako na kusema safari hii hakuna cha kuchoma.

Mungu wetu awafunike huko Makere, awape mavuno, na awape usingizi wa watu wasio na la kuficha.

Mdogo wako akupendaye, yeye aliyeufunga ule waya,

Nestori